Kalamu Moja, Majibu Mawili

Mnamo tarehe 3 Novemba, 2020, wapiga kura wa jimbo la Florida, huko Marekani, walipewa karatasi ndefu yenye maswali ya namna mbili. Kwanza waliulizwa ni nani awe Rais. Mbele kidogo waliulizwa kama kima cha chini cha mshahara katika jimbo lao kipandishwe hatua kwa hatua hadi kufikia dola 15 kwa saa mwaka 2026. Mgombea wa Chama cha Democratic, Joe Biden, alikuwa akizinadi dola 15 hizo waziwazi. Florida ilimkataa Biden, ikampa Donald Trump asilimia 51 ya kura, na kwa kalamu ile ile ikazikubali dola 15 kwa asilimia karibu 61.

Hesabu yake si ngumu. Hata kama kila aliyemchagua Biden aliupigia mshahara ule kura ya ndiyo, bado hapana budi watu wapatao kumi hivi katika kila mia walimtaka Trump na wakataka pia jambo alilokuwa akilipigania mpinzani wake.

Florida si peke yake. Mwezi Novemba 2024 jimbo la Missouri lilimpa Trump asilimia 58, likamrudisha katika Seneti Josh Hawley, mpinzani mkubwa wa utoaji mimba, na siku hiyo hiyo likaandika katika katiba yake haki ya mwanamke kutoa mimba, kwa kura chache zaidi ya nusu. Halikuishia hapo. Kwa asilimia 57 na zaidi lilipandisha mshahara wa chini hadi dola 15 na kuwapa wafanyakazi likizo ya ugonjwa yenye malipo. Arizona nayo, mwezi ule ule, ilikubali haki ya kutoa mimba kwa asilimia 61, ikakubali sheria kali dhidi ya wahamiaji wanaovuka mpaka bila ruhusa kwa asilimia 62, ikamchagua Trump kuwa Rais, na ikampeleka Seneti Ruben Gallego, ambaye ni wa chama cha pili.

Mtu akiyatazama matokeo hayo kutoka mbali husema kwamba watu hawa hawajui watakalo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na aghalabu hutolewa na wale ambao hawajapata kuulizwa maswali kumi na saba kwa siku moja.

Desturi yenyewe ya kuwauliza wananchi sheria moja moja ni kongwe. Dakota ya Kusini iliianza mwaka 1898, Oregon ikafuata mwaka 1902, na California mwaka 1911, chini ya Gavana Hiram Johnson, aliyekuwa amechoshwa na jinsi kampuni ya reli ilivyokuwa imelitia Bunge la jimbo mfukoni. Nia ilikuwa kwamba, wabunge wakinunuliwa, wananchi wawe na mlango wa nyuma wa kutunga sheria wenyewe. Katika majimbo kama 24 hivi, raia wakikusanya saini za kutosha huweza kuliweka pendekezo lao kwenye karatasi ya kura. Mahali pengine Bunge la jimbo ndilo hupeleka swali. Marekani kama taifa haijapata kufanya kura ya namna hii hata mara moja; ni mambo ya majimbo tu.

Kwa jirani wa Afrika ya Mashariki jambo hili ni geni kidogo. Kenya ilipopiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti, 2010, katiba nzima ilitiwa katika swali moja. Mwenye kuipenda sura ya ugatuzi na kuichukia sura ya mahakama ya kadhi hakuwa na la kufanya ila kumeza yote au kutema yote. Huko Marekani sura hizo zingeweza kuulizwa mbali mbali, na mtu yule yule angejibu ndiyo hapa na hapana pale bila ya kuonekana kituko. Fumbo linaanzia hapo: karatasi moja humtaka mtu achague vitu vilivyofungwa pamoja na vitu vilivyofunguliwa.

Mgombea ni kapu lililokwisha kufungwa dukani. Ndani yake mna kodi, mna dini, mna wahamiaji, mna bei ya mafuta, mna sura ya mtu na namna yake ya kusema, na mna jina la chama ambacho labda babu alikipigia kura. Mnunuzi hatoi kitunguu kibovu akaacha vingine; hulichukua kapu au huliacha. Pendekezo ni kitunguu peke yake juu ya meza. Mfanyakazi wa hoteli mjini Orlando aliyekuwa akilipwa dola nane na senti kadhaa kwa saa mwaka 2020 hakuhitaji falsafa ya chama chochote ili ajue kama dola 15 zinamfaa. Kuliko kusema kwamba anajipinga, ni afadhali kusema kwamba ameulizwa maswali mawili na ameyajibu mawili.

Zaidi ya hayo, jina la chama halimo mbele ya pendekezo. Kwenye safu ya wagombea, neno Republican au Democratic humwambia mtu pa kwenda kabla hajasoma jina. Penye pendekezo hana kibao cha njia, na hurejea kwenye maisha yake mwenyewe.

Kansas ilionyesha hivyo tarehe 2 Agosti, 2022. Ni jimbo ambalo Trump alikuwa amelishinda kwa asilimia 56 miaka miwili kabla. Wakazi wake waliulizwa kama waifute katika katiba yao haki ya kutoa mimba ambayo mahakama kuu ya jimbo ilikuwa imeitambua mwaka 2019. Asilimia 59 wakasema hapana. Miezi mitatu baadaye, asilimia 60 ya wapiga kura wa Kansas walimrudisha katika Seneti Jerry Moran, ambaye alikuwa ameunga mkono kufutwa kwa haki hiyo. Wako walioshangaa. Lakini mkulima anayeichukia mimba kutolewa anaweza pia kumchukia afisa wa serikali anayeingia chumbani mwa daktari. Na anaweza kumtaka Moran kwa ajili ya bei ya ngano.

Hata hivyo si kila mgongano unaponyeka kwa maelezo hayo. Iko migongano ya kweli, na mikubwa kuliko yote ni ile ya fedha.

California ya miaka ya 1970 ilikuwa mahali ambapo bei za nyumba zilipanda mwaka hadi mwaka, na kodi ya nyumba ikapanda pamoja nazo. Mzee aliyestaafu, mwenye pensheni isiyoongezeka, alijikuta anadaiwa kodi ya nyumba ambayo alikwisha kuilipia zamani, kwa sababu tu jirani yake ameuza yake kwa bei ya juu. Mapato yake hayakuwa yameongezeka hata senti. Mnamo Juni 1978, Howard Jarvis na Paul Gann walileta Pendekezo la 13, lililoweka kikomo cha kodi hiyo kuwa asilimia 1 ya thamani ya nyumba, likazuia thamani hiyo kuandikwa kuwa imepanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka madamu nyumba haijauzwa, na likataka theluthi mbili za wabunge kabla ya kodi yoyote ya jimbo kuongezwa. Lilipita kwa asilimia karibu 65. Mapato ya kodi ya nyumba yakaanguka kwa zaidi ya nusu, na mzigo wa shule, uliokuwa ukibebwa na wilaya, ukahamia kwa kiasi kikubwa kwenye hazina ya jimbo.

Baada ya miaka kumi wazazi waliona madarasa yamejaa. Mwaka 1988 wapiga kura wa California wakapitisha Pendekezo la 98, lililoilazimisha serikali kutenga kila mwaka kiwango maalumu cha fedha kwa ajili ya shule, takriban sehemu mbili katika tano za mfuko mkuu wa jimbo. Lilipita kwa asilimia 51 hivi tu, lakini lilipita. Kwa mkono mmoja wananchi walikuwa wamefunga mlango wa ghala. Kwa mkono wa pili waliandika ni magunia mangapi yatoke kila mwaka.

Colorado ilitembea njia ile ile. Mwaka 1992 iliandika katika katiba yake kwamba kodi isiongezwe bila ya wananchi kuulizwa, na kwamba mapato yakizidi kiwango fulani ziada irudishwe kwa walipa kodi. Mwaka 2000 ikaandika katika katiba hiyo hiyo kwamba fedha za kila mwanafunzi ziongezwe kila mwaka kupita kasi ya bei, kwa miaka kumi mfululizo. Mwaka 2005 hesabu zilikuwa zimekataa kukutana kabisa, na wananchi wakaombwa wakubali kusimamisha marudisho kwa miaka mitano. Walikubali, kwa asilimia 52.

Mama anayeendesha nyumba hatashangazwa na habari hizi. Ukimwuliza mtoto Jumatatu kama angependa nyama, atasema ndiyo. Ukimwuliza Jumanne kama angependa viatu vipya, atasema ndiyo. Jumatano ukimwuliza kama fedha ya nyumbani ipunguzwe ili baba apate kuweka akiba, naye amesikia kwamba akiba ni kitu kizuri, atasema ndiyo mara ya tatu. Kosa ni la mwulizaji aliyemwuliza moja moja, siku mbali mbali, bila ya kumwonyesha kibeti. Wapiga kura wa California hawakupata kuulizwa hata siku moja: je, mnataka kodi ndogo na shule nyembamba, au kodi kubwa na shule nene? Kila swali lilikuja peke yake, limevaa nguo zake nzuri.

Iko pia sababu ambayo ni ya hesabu tupu, wala haina uhusiano na ujinga wala tamaa ya mtu yeyote. Chukua nyumba yenye watu wazima watatu: baba, mama na shangazi. Kuna fedha ya kununua vitu viwili, na vitu vinavyotajwa ni vitatu: mabati, cherehani na baiskeli. Baba anataka mabati na baiskeli, hataki cherehani. Mama anataka mabati na cherehani, hataki baiskeli. Shangazi anataka cherehani na baiskeli; mabati, asema, yangoje masika mengine. Kila mmoja wao amepanga sawasawa na fedha iliyopo. Sasa wapige kura kitu kimoja kimoja. Mabati: baba na mama ndiyo, yamepita. Cherehani: mama na shangazi ndiyo, imepita. Baiskeli: baba na shangazi ndiyo, imepita. Nyumba imeamua kununua vitu vitatu kwa fedha ya vitu viwili, ingawa humo ndani hamna hata mtu mmoja aliyetaka hivyo.

Wataalamu watatu, Steven Brams, Marc Kilgour na William Zwicker, walilifafanua jambo hili mwaka 1998, wakaonyesha kwamba yaweza hata kutokea kwamba mkusanyiko wa majibu ulioshinda hauna mpiga kura hata mmoja aliyeujaza vile ulivyo. Kwa hiyo, mtu anapoyasoma matokeo ya jimbo zima kana kwamba yametoka katika kichwa kimoja, anamshitaki mtu asiyekuwapo.

Halafu kuna lugha ya karatasi yenyewe. Huko Kansas, aliyetaka haki ibaki alipaswa kusema hapana, na aliyetaka iondoke alipaswa kusema ndiyo. Huko California mwaka 2016 kulikuwa na mapendekezo 17 ya jimbo kwa mara moja, na kitabu cha maelezo kilichotumwa nyumbani kilikuwa na kurasa 224. Atakayekisoma chote baada ya kazi, na watoto wanalia, apewe nishani. Kati ya mapendekezo hayo, moja lilitaka adhabu ya kifo ifutwe na jingine lilitaka iharakishwe. La kwanza lilianguka, la pili likapita kwa chupuchupu. Hapo wapiga kura walikuwa wameelewana na nafsi zao vizuri kabisa, ingawa siku hiyo hiyo walifungua mlango wa wafungwa wengine kuachiliwa mapema, kwa asilimia 64. Pengine mtu aona kwamba mwizi wa duka na muuaji si watu wa kamba moja.

Ndugu wawili wakigombea shati moja, hulipasua. Ndivyo ilivyotokea Arizona mwaka 1990, walipoulizwa kuhusu sikukuu ya kumkumbuka Martin Luther King. Yaliwekwa mapendekezo mawili: moja liliipa siku hiyo nafasi ya sikukuu ya Columbus, na la pili liliiongeza na kumwachia Columbus yake. Yote mawili yakashindwa, moja kwa mbali, na jingine kwa chini ya kura mbili katika kila mia. Walioikubali siku ya King kwa njia moja walikuwa na nafasi ya kuikataa kwa njia nyingine, na wale wasioitaka walikataa kote. Chama cha mpira wa Kimarekani kikauhamisha mchezo wake mkuu wa mwaka 1993 kutoka Arizona hadi California. Mwaka 1992 swali likarudishwa, safari hii moja tu, na likapita kwa asilimia 61. Maoni ya watu huenda yalibadilika kiasi. Idadi ya maswali ilibadilika kwa hakika.

Wanaodhani kwamba mpiga kura asiyesoma kurasa 224 hupiga kura kama kipofu wanapaswa kuukumbuka mwaka 1988. Mwezi Novemba huo California ilikuwa na mapendekezo matano kuhusu bima, yote yamejaa maneno ya kiufundi. Makampuni ya bima yalimwaga makumi ya mamilioni ya dola, na mtetezi wa wanunuzi, Ralph Nader, akaliunga mkono moja tu, Pendekezo la 103, lililoamuru bei za bima zishushwe kwa asilimia 20. Kati ya matano, hilo peke yake lilipita. Mtaalamu Arthur Lupia alichunguza wapiga kura wa siku hiyo, na mwaka 1994 akaandika kwamba wale ambao hawakujua kilichomo ndani ya mapendekezo, lakini walijua makampuni ya bima yanataka nini, walipiga kura karibu sawasawa na wale waliosoma yote. Walitumia akili ya sokoni. Mnunuzi asiyejua samaki humtazama anayemsifu yule samaki, kisha humwuliza atapata nini.

Lakini yule aliyesema ndiyo kwa pendekezo na ndiyo kwa mbunge anayelipinga ana deni la kulipa baadaye, na mara nyingi hulipa kwa mshahara wake. Likizo ya ugonjwa ya Missouri ni mfano wake. Kuanzia tarehe 1 Mei, 2025, mfanyakazi alianza kujiwekea saa moja ya likizo yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi. Kwa mpishi wa mkahawani au mama anayefua mashuka hotelini, maana yake ilikuwa kwamba mtoto akiamka na homa aweza kubaki naye bila ya kukatwa mshahara. Bunge la jimbo, lililochaguliwa siku ile ile na watu wale wale, lilipitisha sheria ya kuifuta. Gavana Mike Kehoe akaitia sahihi mwezi Julai, na tarehe 28 Agosti likizo ikakoma. Ilikuwa imeishi miezi minne. Dola 15 zenyewe ziliachwa, lakini ahadi kwamba baadaye zingepanda pamoja na bei za vitu iliondolewa. Kuhusu utoaji mimba, Bunge hilo halikuweza kufuta kwa sahihi ya gavana kilichoandikwa katika katiba. Mwaka 2025 liliamua wananchi waulizwe upya.

Florida nayo ina kisa chake. Mwaka 2018 asilimia karibu 65 walikubali kwamba mtu aliyekwisha kutumikia kifungo cha kosa kubwa, isipokuwa la kuua au la kunajisi, arudishiwe haki ya kupiga kura. Waliohusika walikadiriwa kufikia watu milioni 1.4. Siku hiyo wapiga kura wale wale walimchagua, kwa tofauti isiyofika hata nusu ya asilimia moja, Gavana Ron DeSantis, aliyekuwa akilipinga pendekezo hilo. Mwaka uliofuata alitia sahihi sheria iliyosema kwamba kifungo hakijamalizika mpaka faini na gharama zote za mahakama zilipwe. Mtu aliyetoka gerezani bila kazi akaambiwa alipe kwanza, na mara nyingine hapakuwa na ofisi moja iliyoweza kumwambia anadaiwa kiasi gani.

Tena kuna urefu wa kizingiti. Huko Florida, badiliko la katiba halipiti kwa nusu na moja. Ni lazima lifikie asilimia 60. Mwezi Novemba 2024 pendekezo la haki ya kutoa mimba lilipata asilimia 57 na kitu, zaidi ya asilimia ambayo Trump mwenyewe aliipata katika jimbo hilo siku hiyo. Yeye alishinda, nalo likaanguka, na katazo la kutoa mimba baada ya wiki sita likabaki. Sharti hilo la asilimia 60 liliwekwa na wananchi wenyewe mwaka 2006, wakati nusu na moja ilikuwa ingali inatosha. Siku ile lilipata asilimia 57 na kitu.